Mtoto Si Kufuli

Tangu mwaka wa masomo wa 2025–26 ulipoanza, mtoto wa chekechea katika shule ya umma ya jimbo la Tennessee, Marekani, anafundishwa jambo ambalo kaka na dada zake hawakufundishwa darasani: afanye nini akikuta bunduki. Sheria iliyoleta somo hilo ilisainiwa mwaka 2024, na mwaka uliofuata majimbo ya Arkansas na Utah yakapitisha za kwao. Tennessee imekataza bunduki halisi na risasi kutumika katika somo hilo. Ni video, picha na maelezo yanayopimwa kwa umri wa mtoto. Lakini ukisikiliza mabishano yaliyozuka, ungedhani ama watoto wa miaka mitano wanapigishwa kwata, ama imepatikana chanjo ya risasi.

Chanzo cha mkanganyiko hakijifichi. Machi 2023 watoto watatu na watu wazima watatu waliuawa kwa risasi katika shule moja mjini Nashville. Waandamanaji wakajaa kwenye jengo la bunge la jimbo wakidai sheria kali zaidi za umiliki wa silaha. Mwaka mmoja baadaye bunge hilohilo likaleta somo la watoto, na aliyetazama kwa mbali akadhani hilo ndilo jibu la madai yale. Waliounga mkono walilisifu kana kwamba litazuia mauaji shuleni. Waliopinga walilikejeli kwa kuwa haliwezi kuyazuia. Kambi zote mbili zilikuwa zinabishania somo ambalo halipo. Lililopo halimtaji mshambuliaji hata kidogo. Linahusu bunduki iliyoachwa ovyo: kwenye droo ya kitanda, chini ya mto, ndani ya gari, kwenye mkoba wa shangazi aliyekuja kutembea. Mtoto anatakiwa kujua kwamba asiiguse, kwamba amwambie mtu mzima papo hapo, na pia ajue silaha inavyopaswa kuhifadhiwa kwa usalama. Hilo la tatu lishike, nitalirudia.

Ninachodai ni hiki. Kumfundisha mtoto usalama wa bunduki ni jambo jema, na kumfundisha kijana kulenga shabaha kwa nidhamu kunaweza kuwa jema zaidi. Ila kazi inayofanywa na mafunzo hayo ni ndogo kuliko wanavyoamini wanaoyatetea, na hatari yake haimo katika anachojifunza mtoto. Imo katika anachoacha kufanya mzazi baada ya kujiambia kwamba mwanawe ameshafundishwa.

Tuanze kwa kutenganisha vitu, maana katika Marekani kuna mafunzo ya aina mbili yanayoitwa kwa jina moja. Aina ya kwanza ni somo la kujiepusha. Mfano wake unaojulikana zaidi ni tai wa katuni aitwaye Eddie Eagle, aliyebuniwa na chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, mwaka 1988. Ujumbe wake una hatua nne ambazo mtoto anaziimba: simama, usiguse, kimbia, mwambie mtu mzima. Aina ya pili ni somo la kutumia: kijana anaishika bunduki, anaijaza, anailenga na kuifyatua, mkufunzi akiwa bega kwa bega naye. Hili ni la zamani zaidi. New York lilikuwa jimbo la kwanza kuweka mafunzo ya lazima ya uwindaji, mwaka 1949, na majimbo mengine yakafuata kwa kuwa wawindaji walikuwa wakipigana risasi wenyewe kwa wenyewe vichakani. Sehemu ya gharama zake hutoka kwenye kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi, inayotengwa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1937. Ajali za uwindaji zimepungua mno tangu wakati huo, na fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa imechangia pamoja na darasa.

Somo la kwanza linamwambia mtoto: kitu hiki hakikuhusu. La pili linamwambia: kitu hiki kiko mikononi mwako, na kila kitakachotoka mtutuni ni juu yako. Moja linafaa kwa mtoto wa miaka mitano na lingine kwa wa miaka kumi na mitano. Anayepinga somo la Tennessee kwa kusema watoto wadogo wasipewe bunduki amelichukua la pili akalibandika juu ya la kwanza. Naye anayelitetea kwa kutaja nidhamu ya wawindaji vijana amefanya kosa hilohilo akitokea upande wa pili.

Je, somo la kujiepusha linafanya kazi? Hapa kuna ushahidi wa kutosha, na unauma. Mwaka 2001 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika Atlanta. Wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliingizwa kwa makundi madogo katika chumba chenye droo. Ndani ya droo mlikuwa na bastola za maji na bastola moja halisi isiyo na risasi. Watafiti walikuwa nyuma ya kioo. Wavulana 48 waliikuta ile halisi. Thelathini kati yao waliishika, na 16 walivuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika. Kuna takwimu moja hapo ambayo ingefaa kubandikwa ukutani katika kila kamati ya elimu: zaidi ya 9 kati ya 10 ya wale walioishika au kuvuta kifyatulio walisema walikwisha kupewa mafunzo fulani ya usalama wa bunduki.

Miaka mitatu baadaye zikaja tafiti zilizowalinganisha watoto wadogo zaidi. Baadhi walifundishwa kwa mpango wa yule tai, wengine kwa mazoezi ya vitendo, mtoto akiigiza tukio lenyewe na kurekebishwa papo hapo. Waliosoma kwa katuni waliweza kuzitaja hatua nne bila kukosea. Walipokutana na bastola bila kujua kwamba wanatazamwa, wengi hawakuzitenda. Waliofanyishwa mazoezi walifanya vizuri zaidi. Yeyote aliyewahi kumfundisha mtoto kuvuka barabara anaelewa: anaweza kukariri "tazama kulia, tazama kushoto" asubuhi nzima, kisha mpira ukatoka langoni naye akaufuata.

Nisiwe mchoyo, kwa sababu upo pia utafiti wenye kutia moyo. Mwaka 2023 watafiti wa Ohio waliwaonyesha baadhi ya watoto wa miaka 8 hadi 12 video ya dakika moja tu kuhusu usalama wa bunduki, na wengine video ya usalama wa magari. Wiki moja baadaye waliwaleta wawili wawili kwenye chumba cha michezo kilichofichwa bastola zisizo na risasi. Miongoni mwa walioona video ya bunduki, asilimia 39 waliigusa silaha. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 67. Waliokwenda kumwambia mtu mzima walikuwa asilimia 34 dhidi ya 11. Kwa dakika moja ya video, hayo ni mavuno makubwa, na ni vigumu kumwelewa mtu anayetaka kumnyima mtoto dakika hiyo. Lakini zisome tarakimu hizo upya ukiwa umekaa sebuleni kwako badala ya maabara. Katika kundi lililofundishwa, takribani wanne katika kumi waliigusa bastola, na wawili katika kila watatu hawakumwambia mtu mzima yeyote.

Hakuna kifaa kingine cha nyumbani ambacho tungekubali kinga yake ishindwe mara nne katika kumi. Marekani yenyewe ilishajifunza hili kwa vidonge. Watoto wadogo walikuwa wakifa kwa kumeza aspirini ya wazazi wao, na kila mama alikuwa ameshasema "hii si pipi" mpaka koo likakauka. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria ya vifungashio, chupa za dawa zikawekewa vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kirahisi, na vifo hivyo vikashuka sana. Mama hawakuacha kuonya. Ila kuanzia hapo uhai wa mtoto haukutegemea tena kama alikuwa akisikiliza.

Sasa nije kwenye hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi. Inasema: mtoto huvutwa na asichokijua. Mwondolee bunduki fumbo lake, mpeleke uwanjani, aone inavyopasua tikiti maji, naye hataihangaikia tena. Ni binamu wa methali yetu, mtoto akililia wembe mpe. Methali ile ina hekima, lakini hekima yake imesimama juu ya jambo moja lisilotamkwa: kidonda cha wembe hupona. Mtoto anakatwa, analia, anafungwa kitambaa, kesho anakuwa na adabu na wembe. Bunduki haina somo la kwanza la bei nafuu. Tena haidai nguvu wala ustadi. Utafiti wa miaka ya 1990 uliopima nguvu za vidole ulikuta kwamba robo ya watoto wa miaka 3 na 4 walikuwa na nguvu za kuvuta kifyatulio cha bastola nyingi, na kufikia miaka 5 na 6 walikuwa saba katika kumi.

Zaidi ya hapo, hoja ya kuondoa fumbo inachanganya udadisi na matumizi. Hata tukikubali kwamba mtoto aliyezoea bunduki haitazami tena kwa macho ya mshangao, bado kuna kujionyesha mbele ya rafiki, kuna hasira, kuna huzuni, na kuna yule rafiki mwenyewe ambaye hakuwahi kupelekwa uwanjani. Aliyeizoea anajua inajazwaje. Mzoefu huyo akifika miaka 15 na siku yake ikaharibika, tulichomwondolea ni woga.

Wazazi hujibu: mimi namjua mwanangu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti kutoka maeneo ya vijijini ya Alabama, ambako mzazi na mtoto waliulizwa maswali yaleyale wakiwa wametenganishwa. Miongoni mwa wazazi waliosema mtoto wao hajui bunduki inawekwa wapi, asilimia 39 walikanushwa na mtoto mwenyewe. Miongoni mwa waliosema mtoto hajawahi kuishika, asilimia 22 walikanushwa. Wazazi waliowahi kuzungumza na watoto wao kuhusu usalama wa bunduki hawakuwa na picha sahihi zaidi kuliko wasiozungumza. Sioni ajabu. Nilipokuwa mdogo mama yangu aliamini hakuna ajuaye sukari guru imefichwa wapi, nasi tuliokuwa tukiila tulimwachia imani yake.

Upande wa pili nao una hoja yake dhaifu: kwamba kumfundisha kijana kupiga shabaha ni kumwandaa kuua. Anayesema hivyo hajawahi kuutazama mchezo wenyewe. Kulenga shabaha ni mchezo wa kutulia. Unajifunza kupumua, kusimamisha mwili, kungoja. Sehemu kubwa ya muda hufyatui. Kila Septemba mjini Zürich hufanyika mashindano ya vijana yaitwayo Knabenschiessen, ambayo kwa sura yake ya sasa yalianza mwaka 1889. Wavulana kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 (wasichana waliruhusiwa mwaka 1991 tu) wanapiga risasi tano kwa bunduki ya jeshi la Uswisi kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 300, msimamizi akiwa kando. Uzee wa mashindano hayo haujaugeuza mji ule kuwa uwanja wa mauaji ya vijana. Au mtazame Ban Hyo-jin, msichana wa miaka 16 kutoka Korea Kusini aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kwa bunduki ya hewa ya mita 10. Alianza mchezo huo mwaka 2021, na miaka mitatu ikatosha kumfikisha kileleni mwa dunia. Anatoka katika nchi ambayo bunduki ya kuwindia ya raia huhifadhiwa kituo cha polisi, na mwenyewe huiomba anapoihitaji.

Hapo ndipo mjadala wa Marekani unapopotea njia. Pande zote mbili zinachukulia kwamba kujua bunduki na kuwa na bunduki nyumbani ni kitu kimoja, ili upande mmoja uvikubali vyote na mwingine uvikatae vyote. Korea Kusini imevitenganisha kabisa. Zürich, mtoto huikuta bunduki uwanjani na huiacha uwanjani. Ustadi unaweza kufundishwa mahali ambapo silaha inalindwa na mtu mwingine.

Ufundishaji wenyewe, ukifanywa vizuri, ni mkali kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni zake zinajulikana na kila mkufunzi: chukulia kila bunduki kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwenye kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshaamua kufyatua, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Uzuri wake ni kwamba zinabebana. Ukivunja moja, nyingine bado zinakusitiri. Mpaka mtu aumie, mara nyingi zimevunjwa mbili kwa pamoja. Mkufunzi mwenye akili huanza na bunduki ya hewa au yenye risasi ndogo na mshindo mdogo, huweka risasi moja moja, na humtoa uwanjani kijana anayegeuka na mtutu kumwita mwenzake, hata kama hakuna kilichotokea. Kosa limehesabiwa kabla ya madhara. Sijui michezo mingi inayomfundisha kijana kuwajibika kwa jambo ambalo karibu lilitokea.

Lakini ukali huo hutegemea mtu mzima kujua mpaka wa mwili wa mtoto. Mwaka 2008, katika maonyesho ya bunduki huko Westfield, Massachusetts, mvulana wa miaka 8 alipewa bunduki rashasha ndogo aina ya Uzi. Mshindo wake uliirusha juu na nyuma ikamuua yeye mwenyewe. Mwaka 2014, katika uwanja wa shabaha wa Arizona, msichana wa miaka 9 alipewa Uzi iliyowekwa kufyatua mfululizo. Ikamponyoka na kumuua mkufunzi aliyesimama kando yake. Watoto wote wawili walikuwa chini ya usimamizi, mahali rasmi, kwa ridhaa ya wazazi. Hawakuvunja kanuni yoyote. Ni watu wazima walioweka mkononi mwa mtoto kitu ambacho mkono ule usingeweza kukizuia.

Tukifika hapa, linabaki lile ambalo darasa haligusi kabisa. Mwaka 2020 silaha za moto zilizipita ajali za barabarani na kuwa chanzo cha kwanza cha vifo vya Wamarekani wenye umri wa mwaka 1 hadi 19. Waliokufa walizidi 4,300. Gawa vifo hivyo: karibu theluthi mbili ni mauaji, kama asilimia 30 ni kujiua, na asilimia chache tu ni ajali. Somo la "usiguse" limelenga hizo asilimia chache. Ni watoto halisi wenye majina, na kuokoa hata wachache kunastahili dakika za darasa. Ila kijana anayekwenda kwenye droo ya baba yake usiku akiwa amekata tamaa hakosi maarifa. Anajua vizuri bunduki inafanya nini.

Ushahidi unaonikaa kichwani zaidi kuhusu hili ulitoka Israel. Askari wa jeshi lake wengi ni vijana wa miaka 18 hadi 21, waliofunzwa silaha kwa kiwango ambacho hakuna darasa la shule litakalokifikia. Mwaka 2006 jeshi lilibadili utaratibu: askari aliyekwenda nyumbani mwisho wa wiki aache bunduki kambini. Hakuna somo jipya lililoongezwa kwa mabadiliko hayo. Vifo vya kujiua katika kundi hilo la umri vilishuka kwa asilimia 40, na punguzo karibu lote lilikuwa la siku za mwisho wa wiki. Siku za kazini hali ilibaki karibu ileile. Uswisi nayo, ilipopunguza jeshi lake kwa nusu mwaka 2003 na 2004 na hivyo kupunguza silaha zilizokaa majumbani, vifo vya kujiua vya wanaume wa umri wa jeshi vilipungua. Ni nchi ileile ya Knabenschiessen. Saa ngumu hupita kama hakuna kilicho karibu cha kuifanya iwe ya mwisho.

Kufuli, basi. Utafiti wa mwaka 2005 katika jarida la JAMA uliangalia nyumba ambamo kijana alijiua au kujeruhiwa kwa bahati mbaya ukizilinganisha na nyingine zenye bunduki: pale ambapo bunduki ilifungiwa, uwezekano wa tukio ulikuwa chini kwa asilimia zaidi ya 70. Kutenga risasi na bunduki kulisaidia pia, hata peke yake. Na bado, kwa makadirio yaliyotokana na uchunguzi wa mwaka 2015, watoto wapatao milioni 4.6 wa Marekani walikuwa wakiishi na bunduki iliyojazwa risasi na isiyofungiwa. Wenye bunduki wana jibu ambalo si la kudharau: silaha ya kujilinda iliyofungiwa ni chuma tu pale mwizi anapovunja mlango. Ni kweli kwamba sekunde zina maana. Ndiyo sababu kuna visanduku vya chuma vinavyofunguka kwa alama ya kidole au namba chache gizani. Anayesema hana sekunde hizo anapaswa kuzipima dhidi ya saa zote ambazo mtoto yuko nyumbani na yeye hayupo.

Sasa turudi kwenye lile jambo la tatu. Sheria ya Tennessee inataka mwanafunzi ajifunze jinsi silaha inavyohifadhiwa kwa usalama, lakini jimbo hilo halina sheria ya jumla inayomlazimisha baba wa mwanafunzi kuihifadhi hivyo. Kwa haki nitaje kwamba mwaka 2023 liliondoa kodi ya mauzo kwenye makabati na vifaa vya kufungia bunduki, na hilo ni jema. Bado picha inabaki ya kushangaza: anayefundishwa kwa lazima ni mtu wa miaka sita asiyemiliki bunduki, asiye na fedha za kabati, wala mamlaka juu ya droo ya mtu yeyote. Anayemiliki anapewa punguzo la bei na kuachiwa hiari. Florida, jimbo ambalo hakuna anayeweza kulituhumu kwa kuchukia bunduki, lilikuwa la kwanza mwaka 1989 kumwajibisha mtu mzima anayeacha silaha mahali mtoto anapoifikia. Taasisi ya RAND, iliyochambua tafiti nyingi za sera za silaha, inaziweka sheria za namna hiyo miongoni mwa chache zenye ushahidi imara wa kupunguza vijana kujiua na kuumia kwa bahati mbaya.

Kama ningeulizwa la kufanya na somo hilo, nisingelifuta. Ningelipanua kwa upande wake wa pili. Siku mtoto anapojifunza "usiguse", barua iende nyumbani ikimwambia mzazi bila kuremba kwamba takribani watoto wanne katika kumi waliofundishwa bado hugusa. Mazoezi yawe ya kutenda kuliko ya kuimba. Wazazi wazoee kuulizana, kabla mtoto hajaenda kucheza kwa jirani, kama kuna bunduki humo na kama imefungiwa, kwa sauti ileile wanayoulizana kuhusu mbwa mkali. Na kijana anayetaka kujifunza shabaha apelekwe uwanjani, afunzwe na mtu mgumu, kisha arudi nyumbani mikono mitupu.

Maana mafunzo bila kufuli yameshapimwa mahakamani. Ijumaa moja ya Novemba 2021, baba mmoja wa Michigan alimnunulia bastola mwanawe wa miaka 15. Kesho yake mama alimpeleka kijana uwanja wa shabaha, wakapokezana kufyatua. Kamera za uwanja ziliwaonyesha. Jumanne iliyofuata kijana huyo aliwaua wanafunzi wenzake wanne katika shule ya Oxford, jimboni humohumo. Mwaka 2024 wazazi wote wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wa kwanza nchini humo kuhukumiwa hivyo kwa shambulio la mtoto wao shuleni, na kila mmoja akafungwa miaka 10 hadi 15. Miongoni mwa vielelezo vilivyoonyeshwa kwa baraza la wazee wa mahakama ulikuwamo waya wa kufuli uliokuja na bastola ile siku iliponunuliwa. Ulikuwa bado ndani ya nailoni yake.